Vidole vya Wanza

Katika banda moja la wachongaji, nyuma ya soko la Gikomba, kinyago hakikuhesabiwa kuwa kimekamilika mpaka Wanza akishike. Alikipakata, akafumba macho, akakipapasa kutoka masikioni hadi kwenye kwato. Akikuta mkwaruzo, hata ule ambao jicho halikuuona, alikirudisha kwa aliyekichonga.

"Rudia," alisema.

Basi. Hakupandisha sauti, wala hakutoa maelezo. Wachongaji walinung'unika, wakajikuna vichwa, kisha wakarudia.

Mume wake, Mativo, alichonga vifaru katika banda hilohilo. Yeye pia alirudishiwa kazi, tena mara nyingi kuliko wengine. "Nyumbani mimi ni baba," aliwaambia wenzake, "lakini hapa bandani mimi ni mwanafunzi kama nyinyi." Wenzake walicheka, naye akacheka pamoja nao. Alimwonea fahari mke wake, na hakuficha.

Kazi iligawanywa hivi. Wanaume walichonga kwa tezo na visu. Wanawake walipiga msasa mpaka mti ukawa laini, halafu wakaupaka rangi ya viatu na kuusugua mpaka ung'ae. Ili kinyago kisiteleze, mwanamke alikibana kifuani upande wa kushoto. Mkono wa kushoto ulikishika, kifua kikakiegemeza, na mkono wa kulia ukasugua. Wanza alifanya kazi hiyo tangu alipokuwa msichana kule kijijini Wamunyu. Sasa alikuwa mama wa makamo, na alikuwa ameshasugua vifaru, twiga na simba wa kujaza mbuga nzima.

Kazi ya namna hiyo huacha alama. Vidole viliota sugu, na magoti pia. Lakini katika banda lile sugu haikuwa aibu. Ilikuwa cheo. Mbeti, mke wa kijana mmoja wa mtaa wa Mowlem, alipoota sugu yake ya kwanza kwenye kidole gumba, wanawake walimpigia vigelegele. "Sasa umeajiriwa!" walimwambia. Mbeti alizunguka banda zima akionyesha kidole chake kama mtu aliyevishwa pete.

Kwa hiyo mwaka wa 1996, Wanza alipokuwa akioga na kugusa kitu kigumu katika titi lake la kushoto, hakushtuka. Kilikuwa kidogo kama punje ya mahindi. Kilikuwa palepale ambapo vinyago viliegemea.

"Hata kifua changu kimeota sugu," aliwaambia wenzake kesho yake, kichwa juu. "Nani mwingine ana ya hapa?"

Hakuna aliyekuwa nayo. Wote walikubali kwamba amewapiga bao.

"Inauma, Mama Jacky?" Mbeti aliuliza, akimwita kwa jina la binti yake.

"Sugu gani inauma, wewe?"

Haikuuma kweli. Na hapo ndipo fundi wetu alipokosea. Vidole vyake vilikuwa vimemwambia jambo, naye akalipa jambo hilo jina lisilo lake.

Mvua za masika zilikuja zikaenda. Punje ya mahindi ikawa gololi. Wanza akaendelea kupiga msasa.

*

Wanza na Mativo walikaa mtaa wa Kaloleni, katika nyumba ya halmashauri ambayo baba yake Mativo aliipata enzi zake akiwa mfanyakazi wa reli. Ilikuwa nyumba ndogo yenye kibaraza na ua wa michongoma. Walikaa na binti yao, Jacky, aliyekuwa msusi wa nywele.

Jumapili moja asubuhi Wanza alikuwa akijiandaa kwenda kanisani. Gauni lake jipya lilikuwa na zipu mgongoni. Alimwita Jacky amsaidie. Akainua mikono ili gauni lipite kichwani, na Jacky akasita.

"Mum, hebu inua mkono tena. Huu wa kushoto."

"Tutachelewa, Jacky."

"Inua tu. Ona hapa kwa titi. Ukiinua mkono, ngozi inaingia ndani. Kuna kashimo."

"Ni sugu ya kazi. Funga zipu."

Jacky aligusa mahali pale kwa ncha ya kidole, akautoa mkono haraka.

"Sugu ya wapi, mathe? Hii si sugu. Naenda kumwita Sista Nangila."

"Jacky! Unataka kunitangaza mtaa mzima?"

"Sitangazi. Naita mtu mmoja."

Sista Nangila alikaa nyumba ya pili, ng'ambo ya ua. Alikuwa muuguzi katika wadi ya wagonjwa wa saratani kwenye hospitali kubwa ya rufaa. Alikuwa mama mnene mwenye kicheko kikubwa. Akisalimiana na mtu Kaloleni, unamsikia mtaa jirani wa Makongeni. Lakini siku hiyo aliingia kimya, akanawa mikono, akamwomba Wanza alale kitandani na kuweka mkono nyuma ya kichwa. Alilipapasa titi lote polepole kwa mzunguko, kisha kwapa. Akafanya hivyohivyo upande wa pili.

"Mama Jacky, nani alikwambia hii ni sugu?"

"Najua sugu mimi. Nimeota sugu kabla wewe hujavaa kofia ya unesi."

"Sawa, wewe ndiwe fundi. Basi nifundishe. Sugu huota wapi?"

"Kwenye ngozi."

"Papasa ngozi yako hapo. Ni ngumu?"

Wanza alipapasa. "Ni laini."

"Basi ugumu uko wapi?"

"Chini."

"Na mti ukiwa laini juu, halafu chini yake ukakuta kitu kigumu, nyinyi husema nini?"

Kila mtu bandani alijua jibu. Ni fundo. Na fundo halitokani na kusuguliwa. Fundo huota ndani ya mti wenyewe.

"Sijasema ni saratani," Nangila aliendelea. "Vimbe nyingi za matiti si saratani. Lakini kidole hakitoi hukumu. Kidole huita tu. Maabara ndiyo husema. Kesho twende pamoja."

"Haiumi, Sista."

"Ndiyo maana nataka twende. Saratani ya titi mara nyingi haiumi mwanzoni. Watu hungoja maumivu, na maumivu yakifika, wamechelewa."

Siku hiyo Wanza alikwenda kanisani, lakini hakusikia mahubiri. Kila mara mkono wake ulitaka kupanda kifuani, akaushusha. Aliogopa, na zaidi ya kuogopa aliona haya. Alikuwa mwanamke ambaye mabwana wenye tezo mikononi walingoja neno lake. Sasa angevua blauzi mbele ya madaktari vijana ambao angeweza kuwazaa.

Hata hivyo alikwenda. Daktari alimpima, akamchoma sindano na kutoa kipande kidogo sana cha uvimbe, kikapelekwa maabara. Aliporudi kuchukua majibu, Mativo alikuwa pembeni yake. Ilikuwa saratani.

"Tunashauri titi litolewe, pamoja na baadhi ya tezi za kwapani," daktari alisema kwa upole. "Tusikae sana."

Mativo alisimama. "Tutafikiria," alisema, akamshika mkewe mkono, wakatoka.

*

Alasiri ile Mativo hakurudi bandani. Alikaa kibarazani na tezo yake magotini bila kazi.

"Hakuna kisu kitakachokugusa," alimwambia mkewe.

"Daktari amesema—"

"Daktari hamjui shangazi yangu Kalekye. Mimi namjua. Alikuwa na uvimbe hivihivi. Alikuwa anatembea, analima, anacheka. Wakamkata. Kabla ya mavuno saratani ilikuwa imejaa mwili mzima, tukamzika. Saratani ikiguswa na kisu hulipuka, Mama Jacky. Mimi nashika kisu kila siku. Najua kisu kinavyoweza kuharibu."

Alimpenda mke wake, na alikuwa tayari kumlinda hata dhidi ya daktari. Hakujua kwamba ulinzi wake ndio ungemuua.

Ndani ya moyo wake Wanza alikuwa amegawanyika. Naye alimkumbuka shangazi Kalekye.

Sista Nangila alikuwa akirudi kutoka zamu. Aliwaona wamekaa kama watu waliofiwa. Jacky akamletea kigoda na kikombe cha chai.

"Semeni," Nangila alisema. Mativo akamweleza habari ya shangazi na kisu.

"Pole kwa shangazi yako, Baba Jacky. Niambie, uvimbe wake ulikaa muda gani kabla hajakatwa?"

"Miaka. Mwishowe ulikuwa umefanya kidonda."

"Basi kisu hakikuisambaza. Kisu kilifika wakati saratani imekwisha kutoka nyumbani na kusafiri." Alipuliza chai. "Nitawaeleza jinsi saratani inavyosafiri. Mkishajua, mtaamua wenyewe. Mimi sitarudia tena."

Mara king'ora cha karakana ya reli kililia kule ng'ambo. Ilikuwa saa ya kutoka kazini. Punde wanaume waliovaa ovaroli zenye grisi wakaanza kupita barabarani.

"Mmesikia?" Nangila aliuliza. "King'ora kimelia, mtu wa zamu ameweka spana chini, anaondoka. Mwingine ataingia mahali pake. Mwili nao uko hivyo. Umejengwa kwa chembe ndogondogo sana zinazoitwa seli. Kila seli ina zamu yake. Ikichakaa, au ikiharibika, hufa kwa utaratibu na nyingine hushika nafasi. Hata sasa mko hapa mnakunywa chai, seli nyingi ndani yenu zinakufa. Msishtuke. Kufa kwa hizo ndiko uzima wenu."

"Nani anaziambia zife?" Wanza aliuliza.

"Swali zuri. Kila seli ina king'ora chake ndani. Wanaokiendesha ni protini."

"Protini?" Mativo aliinua kichwa. "Si ni zile za maharagwe na nyama?"

Nangila alicheka kicheko chake, na Makongeni wakamsikia. "Hizohizo, Baba Jacky. Mwili ukila maharagwe, huvunja protini zake na kujitengenezea nyingine za kila kazi. Za misuli, za damu, za nywele anazosuka Jacky. Ndani ya seli kuna protini ambazo kazi yao ni uhai na kifo. Ziko za pande mbili. Upande mmoja husema: seli hii imeharibika, piga king'ora, ife. Upande mwingine hukizuia king'ora na kusema: bado, iishi. Mtu akiwa mzima, pande hizi mbili zinapimana nguvu. Hakuna upande unaouzidi mwenzake."

"Na kwenye saratani?"

"Mizani imeharibika. Zile za kupiga king'ora zimevunjika au zimenyamazishwa. Au zile za kuzuia zimekuwa nyingi mno. Seli imeharibika, zamu imekwisha, lakini haifi. Inakaa, inazaa nyingine mbovu kama yenyewe, nazo hazifi. Zinarundikana. Huo ndio uvimbe wako, Mama Jacky. Si mti uliouleta. Ungekuwa karani mezani, ungeweza kuupata vilevile."

Wanza aliangalia mikono yake. Alisikia nafuu ya ajabu. Kazi yake haikuwa imemsaliti.

"Bado hujasema habari ya kusafiri," Mativo alisema. Sasa alikuwa ameiweka tezo chini.

"Naifikia. Seli ya titi mahali pake ni kwenye titi. Imeshikana na wenzake pande zote. Ikibanduka kwa bahati mbaya na kuingia kwenye damu, king'ora chake hulia palepale: hapa si kwako, kufa. Nayo hufa. Ndiyo maana seli nzuri ya titi haiendi kuota kwenye mfupa. Lakini seli ya saratani ambayo king'ora chake kimezimwa, ikibanduka, haifi. Inaogelea kwenye damu ikiwa hai. Inapita kwapani, inafika kwenye mapafu, kwenye ini, kwenye mifupa. Nyingi hufia njiani hata hivyo, lakini chache zikifika salama zinatosha. Zinaota kule. Huko ndiko kusambaa, Baba Jacky, na ndiko kunakoua. Uvimbe wa titi peke yake haukumuua shangazi. Zilizosafiri ndizo zilizomuua."

Wanaume wa reli walikuwa wamekwisha kupita.

"Kwa hiyo kila siku tunayongoja..." Wanza alianza.

"Tunazipa nafasi ya kubanduka. Kisu hakizifundishi kusafiri. Wanaozifundisha ni protini zilizoharibika, na muda. Kisu huziondoa zikiwa bado nyumbani. Na zile zilizotoroka kuna dawa za kuzifuata. Dawa nyingi huijeruhi seli mbovu mpaka king'ora kilie. Seli nyingine husikia, nyingine hukaidi. Kila saratani ina tabia yake, na wataalamu bado wanazisoma protini hizi mpaka leo. Siwezi kukuahidi kupona. Naweza kukuambia tu kwamba anayewahi ana nafasi kubwa kuliko anayengoja."

"Na yangu imesafiri?"

"Sijui. Watakupiga picha za kifua na tumbo, na tezi za kwapani zitapimwa. Ndipo tutajua."

Mativo alitazama mkewe. Macho yalimjaa machozi, na hakuyafuta.

"Kama ni mti," alisema polepole, "fundo bovu ningelitoa mapema. Nisingengoja lipasue gogo lote."

"Mimi si mti wako," Wanza alimjibu, na kwa mara ya kwanza tangu wapewe majibu, alitabasamu. "Nimeshakata shauri. Kesho tunarudi hospitali. Wewe utanibebea kikapu."

*

Upasuaji ulikwenda salama. Picha zilionyesha kwamba mapafu na ini ni safi. Kwapani, tezi moja ilikuwa na seli za saratani.

"Ilikuwa imeshika njia," daktari alisema. "Tumeikuta mlangoni."

Kwa sababu hiyo Wanza alipewa dawa kwa dripu. Zilikuwa dawa kali. Alitapika, chakula kikamkinaisha, nywele zikamnyonyoka. Jacky alimnyoa zilizobaki, akamfunga kitambaa chekundu kwa ufundi wote wa saluni.

"Mathe, umetoka fiti kuliko wateja wangu wote."

"Usinidanganye."

"Walai. Kichwa kimekaa poa. Laini kama umekipiga msasa mwenyewe."

Wanza alicheka mpaka mshono ukamvuta.

Kulikuwa na siku mbaya pia, tusifichane. Kuna asubuhi alijitazama kwenye kioo, akaona upande mmoja wa kifua ni tambarare wenye kovu refu, akalia kwa sauti. Mativo alimkuta hapo. Hakusema maneno matamu ya kanisani. Alimfunga leso begani, akasimama naye mpaka alipomaliza kulia.

Lakini kilichomsumbua Wanza zaidi hakikuwa kioo. Ulikuwa mkono. Mkono wa kushoto ulikuwa umekakamaa kwa sababu ya tezi zilizotolewa kwapani. Haukuinuka kupita bega. Angekishikaje kinyago? Na kifua chenyewe, kingekiegemezaje?

"Nimeokoa roho," alimwambia Nangila, "lakini sijui kama nimeokoa kazi."

Nangila alimsimamisha mbele ya ukuta wa sebule. "Weka vidole hapa. Vipandishe ukuta kidogokidogo, kama mchwa. Ukichoka, shuka. Kesho panda zaidi."

Wanza akawa anapanda ukuta kila asubuhi na kila jioni, akiuma meno. Jacky alichora alama ya chaki pale vidole vilipofika. Ile alama ikawa inahama, ikipanda juu.

*

Mwili ulipopata nguvu kidogo, Wanza alirudi bandani, si kufanya kazi bali kusalimia. Wanawake walifurahi, lakini hawakujua waweke macho wapi. Waliutazama uso wake, wakatazama miguu, wakatazama paa. Hakuna aliyetazama kifua.

Wanza aliliona hilo, na lile joto lake la zamani likampanda.

"Tazameni," alisema. "Nilikuja hapa nikawatangazia sugu. Leo nimekuja kuwatangazia kwamba nilikosea. Ilikuwa saratani. Wameitoa, na titi limekwenda nayo. Mimi nipo."

Kisha mwanamke mmoja akasema, "Basi tutafute mito. Tuweke mto kifuani, mti usituguse tena."

"Weka mto ukitaka kulala," Wanza alimjibu, na watu wakacheka. "Mti hauleti saratani. Ndani ya mwili kuna seli zinazotakiwa kufa zikakataa. Mto hautazizuia. Kinachosaidia ni kuziwahi kabla hazijasafiri. Na nyinyi hapa mna kitu ambacho wanawake wengi hawana."

"Nini?"

"Vidole. Mbeti, ukifumba macho unaweza kuona mkwaruzo wa unywele kwenye twiga, ndiyo au siyo?"

"Ndiyo, Mama Jacky. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Basi kila mwezi, hedhi ikishaisha, jipapase titi zima na kwapa, hivyohivyo. Zungusha polepole, kama unapokea kazi kutoka kwa mwanamume usiyemwamini." Wanaume wa upande wa pili walipiga kelele za kulalamika. "Aliyekwisha kukoma hedhi achague siku yake ya mwezi. Jijue ulivyo. Ukikuta fundo, au ngozi imeingia ndani, au chuchu inatoa majimaji ya damu, usilipe jina. Usiseme sugu, usiseme jipu. Nenda hospitali wakupe jina lake."

Tangu hapo likawa jambo la banda. Mwezi ukigeuka, utamsikia mmoja akimwuliza mwenzake, "Umejipokea?" na mwenzake akijibu, "Nimejipokea, niko safi."

Mwezi mmoja Mbeti hakujibu hivyo. Alimvuta Wanza pembeni, uso umesawijika.

"Nimekuta kitu. Kidogo sana. Labda najitia wasiwasi."

"Chukua leso yako," Wanza alisema. "Twende."

Walipimwa, wakangoja, wakarudi. Uvimbe wa Mbeti haukuwa saratani. Ulikuwa uvimbe wa kawaida unaowapata wanawake vijana. Mbeti alitoka akiwa na aibu kidogo, kama mtu aliyepiga mayowe ya mwizi kumbe ni paka.

"Nimekusumbua bure, Mama Jacky."

"Bure? Umekwenda ukapewa jina la kweli. Mimi nilikaa masika mazima na jina la uongo." Wanza alimshika bega. "Umefanya kazi safi. Hakuna cha kurudia."

Mbeti alinyoosha mgongo. Kutoka kwa Wanza, maneno hayo yalikuwa makubwa.

*

Alama ya chaki ilifika juu ya fremu ya mlango. Hospitalini daktari alimpima Wanza tena, akatazama picha mpya, akasema hakuna kilichoonekana. Ataendelea kuja kupimwa, maana saratani si kitu cha kukipa mgongo. Lakini afanye kazi, ale, aishi.

Asubuhi iliyofuata alivaa vazi lake la kazi na kuingia bandani. Akakaa mahali pake. Hakuna aliyekuwa amepakalia.

Mativo alimjia na kifaru. Alikuwa amekichonga kwa mti mzuri wa muhugu, kwa siku nyingi, akikificha chini ya gunia. Alikuwa amekipiga msasa mwenyewe, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Alitaka siku mkewe atakaporudi, asipate taabu yoyote. Alitaka akipapase tu na kukikubali. Alikiweka mapajani mwa Wanza, akarudi nyuma hatua moja. Tezo zote bandani zilinyamaza.

Wanza alikiinua kifaru. Mkono wa kushoto ulikishika. Akakiegemeza kifuani, upande uleule. Alikuwa amejiandaa kukiona kikiteleza. Hakikuteleza. Kililala tambarare juu ya tambarare, kikatulia.

"Kumbe," alisema polepole. "Kinakaa vizuri kuliko zamani."

Akafumba macho. Vidole vikaanza safari, kwenye pembe, kwenye kipaji cha uso, kwenye mikunjo ya shingo. Vikashuka mgongoni, tumboni, kwenye kwato moja moja. Vikarudi juu, nyuma ya sikio la kulia. Hapo vikasimama. Vikapita tena.

Alifumbua macho, akamtazama mumewe.

"Rudia," alisema.

Banda lililipuka. Wanawake walipiga vigelegele, wanaume wakagonga tezo juu ya magogo, na Mbeti akamrukia Wanza shingoni. Mativo alikipokea kifaru chake, akakiinua juu kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa kombe. Alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja.

"Amenirudishia!" alipaza sauti mpaka sokoni. "Mmeona nyote? Mke wangu amenirudishia kazi!"

Kisha akakaa kwenye kigoda chake, akachukua msasa, na kurudia nyuma ya sikio la kulia.